Ukwaju hutiwa viazi vikishaiva

Jumamosi iliyopita nilipika mchuzi wa nguru kwa ukwaju na nazi, na baada ya majaribio mengi ukatoka kama ule niliolelewa nao Tanga. Nimeona niandike nilivyoupika nikingali nakumbuka.

Mwezi uliopita niliharibu chakula. Nilikuwa nimenunua ukwaju wa chupa, mzito na mweusi, uliokwisha kuchujwa, nikaupima kwa macho kama ninavyopima maji ya ukwaju ninaoukamua mwenyewe, kisha nikautia sufuriani pamoja na viazi vibichi. Dakika 40 baadaye viazi vilikuwa bado vigumu katikati, na mchuzi ulikuwa mkali kwa chumvi ambayo mimi sikuitia. Kumbe chupani mlikuwa na chumvi tayari, nami sikusoma maelezo yake. Nilipompigia mama simu, hata salamu hazijaisha, akaniuliza, “Uliutia lini, mwanangu? Ukwaju hutiwa viazi vikishaiva.” Baadaye nilielewa sababu: uchachu huchelewesha kulainika kwa viazi, na vilevile kwa maharage na mbaazi, kwa hiyo ukiutia mapema utamaliza mkaa bure.

Safari hii nilirudia ukwaju wa bonge. Nilimega kipande kinachotosha ngumi ya mtoto, nikakiloweka kwa dakika 20 katika vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, kisha nikakivuruga kwa vidole. Hapa ndipo ninapopapenda: nyama inaachia taratibu, kokwa zinateleza moja moja zikiwa za kahawia na zinang'aa, na nyuzi zinabaki mkononi kama mizizi midogo. Nilipochuja, niliukwangua kwa kijiko upande wa chini wa chujio, kwa maana rojo zito hung'ang'ania hapo na wengi huliosha likaenda na maji.

Viazi vilipoiva pamoja na kitunguu, nyanya, kitunguu saumu na bizari, nilitia ukwaju, nikauacha uchemke kidogo ndipo nikapanga vipande vya samaki nilivyokuwa nimevikaanga. Tui zito lilikuja mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, nami nikikoroga bila kuacha, kwa sababu tui likichemka kwa nguvu ndani ya uchachu hukatika. Nilitumia chungu, kama mama, kwani sufuria ya alumini huliwa na uchachu na mchuzi ukapata ladha ya chuma.

Jambo moja hunigusa kila ninapoushika ukwaju. Waarabu waliuita tende ya Uhindi, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipouandika mwaka 1753 akaupa jina la Tamarindus indica, yaani wa Uhindi, ilhali asili ya mkwaju ni hapa hapa Afrika. Mti uliokuwa nyuma ya nyumba yetu haukuhitaji kutoka mbali, na mimi ningependa watoto wangu walijue hilo kabla hawajajua ukwaju wa chupa.

Hata hivyo, chupa sijaitupa. Nusu kijiko cha chai, kikipunguzwa makali kwa maji, pilipili na sukari kidogo, kinatosha kuchovyea bajia za jioni, mradi chumvi nyingine isiongezwe.