Dada, nisaidie kukanda

Watu wakijadili watoto wanaoishi katika mazingira magumu, mazungumzo hukimbilia kwa mtoto moja kwa moja: apewe daftari, apewe sare, apewe uji. Sipingi, daftari nalo nililihitaji. Lakini nimekulia katika nyumba ya namna hiyo, Kihonda, Morogoro, na aliyeniokoa mimi ni yule aliyemwinua kwanza mama yangu.

Mwaka 1998 barabara nyingi zilikuwa bado hazijapona mvua za El Niño. Baba alikuwa utingo wa malori ya Tunduma. Safari moja akaondoka, hakurudi, na salamu hatukupata. Tukabaki watoto wanne na mama katika vyumba viwili vya kupanga. Mama akazima. Alikuwa anakaa mkekani tangu asubuhi, macho ukutani, ugali unaungua jikoni na yeye hana habari. Mdogo wetu alishinda mgongoni kwangu. Majirani wengine walisema karogwa, wengine wakasema mvivu. Leo najua ile ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito.

Mama mmoja wa nyumba ya nyuma alikuwa anauza maandazi. Alfajiri moja akabisha hodi na karai lake, unga ukiwa umeshachanganywa na hiliki na sukari. Hakutoa pole. Alisema, "Dada, nisaidie kukanda, bega limenikamata tangu jana." Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akavuta karai, akaingiza mikono. Nakumbuka unga ulivyomganda kwenye vidole mwanzoni, akawa anaukwangua pole pole, anaongeza maji kidogo, mpaka donge likalainika na ngumi zikaanza kusikika. Yule jirani alikaa pembeni, akapiga soga za bei ya mafuta ya kula kana kwamba hakuna jambo. Alipoondoka aliacha maandazi ya kutosha sisi wote, akasema ni ujira. Kesho yake bega likawa bado linauma.

Liliuma kwa miezi. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipomuuliza yule jirani, akacheka tu, akanikaribisha chai. Baadaye mama akawa anakanda maandazi yake mwenyewe, mimi nabeba ndoo kwenda kuuza kabla ya kengele ya shule. Wakati ule ada ya shule ya msingi ilikuwa haijafutwa; ilikuja kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa MMEM, mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya msingi. Ada yangu ililipwa na maandazi.

Msaada wa aina nyingine pia tuliuona. Watu wa taasisi moja walikuja na mfuko wa mchele na kamera, wakatupanga mlangoni, mama katikati. Mchele tuliula, na kwa hilo nashukuru. Ila mama hakutoka nje siku kadhaa, maana mtaa mzima ulikuwa umekusanyika kumwangalia.

Mwaka huo huo wa 1998 ndipo madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walipochapisha utafiti wao uliofanyika San Diego, Marekani. Waliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 kuhusu utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi, mgonjwa wa akili au mtu aliyefungwa jela. Zaidi ya nusu walikuwa wamepitia angalau jambo moja, na kadiri mambo hayo yalivyozidi kwa mtu mmoja ndivyo uwezekano wa magonjwa kama ya moyo ulivyopanda. Njaa hawakuuliza. Nilipousoma nikiwa chuo cha ualimu nilimfikiria kaka yangu.

Kaka aliacha shule darasa la tano, akawa anauza karanga kwenye mabasi stendi ya Msamvu, kisha akawa analala huko huko. Mtaa ule ule uliotubeba sisi wadogo ulimpita yeye. Alikuwa mrefu, sauti imeanza kukwaruza, watu wakamwona kijana jeuri. Alikuwa mtoto mwenye njaa. Mtoto mchanga kila mtu atampokea mgongoni. Huyu wa miaka kumi na miwili anayejibu kwa hasira nani anamwita aje ale? Amerudi, ana familia yake sasa, lakini ile miaka hairudishiki, na jambo hili linaniuma mpaka leo.

Mimi sasa nafundisha darasa la tatu. Ada na michango ya lazima imeondolewa tangu 2016, TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, imekuwa ikizipa kaya maskini ruzuku, na sehemu ya ruzuku hiyo imekuwa ikitegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Ni mambo makubwa. Hata hivyo ruzuku haiwezi kubisha hodi alfajiri. Mtoto akichelewa mara kwa mara, fimbo naiacha, jioni napita kwao. Nikikuta kipigo au unyama, hapo hakuna soga: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na namba 116 ni bure kupiga. Nikikuta mzazi aliyechoka tu, natafuta kitu ambacho naweza kumwomba anisaidie.

Kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, kila mwanachama huweka shilingi 1,000 kwa wiki katika mfuko wa jamii, kando ya hisa. Jumamosi tuna ajenda ya baba mmoja fundi viatu, mkewe amefariki, ana watoto watatu na mkubwa ameanza kuonekana Msamvu. Baadhi ya wenzangu wanasema kikoba ni cha kina mama. Mimi nitapendekeza aingie kwa hisa moja, na viatu vya shule vya watoto wetu wote vikashonwe kwake, kwa bei yake kamili, wiki hii kabla shule hazijafunguliwa.