Sufu nje, sufi ndani, dola 15 dirishani

Juzi nilikuwa Unguja, natoka mjini kwenda bandarini kuwahi boti ya Pemba, nikakatiza kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe chenye maduka ya watalii. Kwenye dirisha la duka moja nikamwona ndege wangu. Sisemi anayefanana na wangu. Wangu mwenyewe: ninga, yaani njiwa, wa sufu ya kijani, kifua cha kijivu, jicho la shanga nyeusi, na ule mshono wa mama unaozunguka bawa, ambao ningeujua hata gizani kwa kupapasa. Katundikwa kwa uzi, chini yake kikaratasi: dola 15.

Wiki 2 nyuma mwenye duka hilo alinunua kwangu ndege 6 kama huyo, shilingi 5,000 kila mmoja. Nilianza kwa elfu 15. Akamgeuza ndege, akamminya tumbo, akasema, "Dada, haya si matambara tu? Nakuchukulia kwa kukusaidia." Boti ilikuwa inakaribia kuondoka na mama yuko peke yake Wete, nikapokea elfu 30 yangu nikashika njia. Dola mnaijua inavyokwenda, hesabu nawaachieni. Na elfu 5 ya leo ukiingia nayo sokoni, kilo 2 za mchele wa kuliwa na wageni hutoki nazo.

Najua duka lina kodi, lina umeme, na kuna miezi mtalii haonekani. Faida ni halali, sikatai. Kilichonichoma hadi nikakosa usingizi ni lile neno, matambara. Kwa sababu mimi huko ninakoishi ni mji uliojengwa kwa matambara.

Naishi Batley, Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, mwaka wa 9 huu. Ukimwambia mtu wa Wete unaishi Uingereza anaona London na saa yake kubwa. Batley ni mji mdogo, wa majumba ya mawe yaliyoingia weusi wa moshi wa viwanda, mvua ya rasharasha isiyokwisha, na Waislamu wengi wenye asili ya Gujarati, kwa hivyo nyama ya halali na msikiti, alhamdulillahi, si shida. Hapo mwaka 1813 mtu mmoja, Benjamin Law, alipata njia ya kuchanachana matambara ya sufu mpaka yakarudi kuwa nyuzi, akazichanganya na sufu mpya, zikasokotwa na kufumwa kitambaa upya. Kitambaa hicho kikaitwa shoddy. Basi Batley na jirani yake Dewsbury wakaishi kwa matambara. Yaliletwa marobota kwa marobota kutoka nchi nyingine, wanawake wakikaa kuyachambua rangi kwa rangi, kukata vifungo na kutoa mishono, na huko mwisho yakatoka makoti, mablanketi na sare za askari. Leo ukimsikia Mwingereza anasema kitu ni shoddy, anakusudia kibovu, kazi ya ovyo. Wamejifunika joto lake miaka na miaka, kisha jina lake wakalifanya tusi.

Haya sikuyasoma. Kanisimulia jirani yangu, bibi wa miaka 81, ambaye mama yake alikuwa mmoja wa wale wachambuaji. Na ndiye aliyenifundisha huyu ndege.

Ilikuwa baridi yangu ya kwanza. Nilikwenda na cheti changu cha ualimu kwenye bahasha ya plastiki, nikidhani nitaingia skuli. Hakikunifikisha popote. Nikapata kazi ya usiku ya kuwatunza wazee, kuwaosha, kuwageuza, kuwabadilisha mashuka. Nyumba niliyopanga ilikuwa na mita ya gesi ya kulipia kwanza, kama TUKUZA yetu ya umeme, ila TUKUZA ikikata unakosa taa na feni, ile ikikata unatetemeka mpaka meno yanagongana. Nilikuwa nakaa jikoni na koti. Yule bibi akaniona dirishani, kesho yake akagonga mlango na sweta 2 za sufu, nzito, za marehemu mumewe. Mimi na uzuzu wangu nikazitia kwenye mashine, maji ya moto kabisa. Zilitoka zimesinyaa, kila moja ya kumtosha mtoto wa mwaka mmoja, ngumu kama zulia. Nililia. Zawadi ya mjane, nguo za maiti wake, nimeziharibu kwa siku moja.

Nikaenda kumwomba radhi. Akaipokea ile sweta, akaivuta huku na huku, akachukua mkasi akaikata bila kusema neno, akanionyesha ukingo. Haukufumuka uzi hata mmoja. Akasema, "Sasa ndiyo imekuwa kitambaa." Jioni ile tukashona ndege wa kwanza, robin, yule mdogo wa kifua chekundu ambaye wao wanampenda sana wakati wa baridi.

Ndege wa pili nilimshona mwenyewe. Akamtaka ampelekee binti yake. Mimi nikamwambia chukua, bibi, jirani hauziwi. Hakuniuliza bei. Aliniuliza, "Umetumia saa ngapi?" Nikasema kama saa 3. Akatoa pauni 30 akaziweka chini ya birika la chai. Nikazirudisha, akazirudisha. Akaniambia mama yake alilipwa kwa kilichochambuliwa, hakuna siku aliulizwa saa, na mikono yake ilikufa kabla yake. Zile pauni zilinisaidia kuwasha gesi, lakini lile swali ndilo lililonikaa kifuani. Tangu kuzaliwa kwangu Pemba sijamsikia mtu akimuuliza mwanamke aliyekaa barazani na sindano ametumia saa ngapi.

Nisije nikawadanganya lakini. Wewe unayesoma hapa ukidhani kwa wenzetu kazi ya mkono ni dhahabu, sikiliza. Kwenye meza za bidhaa za Desemba ndege wangu namuuza pauni 12, na ananila saa 2 na zaidi. Kima cha chini cha mshahara huko mwaka 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa moja. Kwa hivyo hata huko ndege hajanilipa saa zangu. Mshahara wangu ni wazee, ndege ni nyongeza ya bili. Lakini hakuna mnunuzi hata mmoja aliyewahi kumminya tumbo akaniambia tambara.

Mwaka huu nimekuja likizo na begi zima la vipande vya sweta. Mama akaviangalia, akauliza, "Mwanangu, Ulaya yote hiyo, hukuona cha kuleta?" Siku ya tatu alikuwa na sindano mkononi. Vilipokwisha tukaenda mitumbani pale Wete, na huko sweta la sufu hulipata kwa bei ya kutupa, nani wa kulivaa na joto hili, labda mwenye bodaboda alfajiri ya kipupwe. Lebo mara nyingi zimekatwa, kwa hivyo tunavuta uzi mmoja tunauchoma. Ukinuka nywele zilizoungua, hiyo sufu. Ukiyeyuka ukabaki punje ngumu kama plastiki, hiyo siyo, na hata uichemshe mpaka kiama haisinyai. Mashine hatuna. Tunachemsha maji kwa mkaa, tunamimina kwenye ndoo na sabuni ya mche, halafu mama anatwanga kwa mchi. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo. Moto na sabuni huyafungua, na ule mtwango huyakamatisha, hayaachiani tena. Unasuuza kwa maji baridi, unaanika kivulini, na ukiona bado unaona matundu ya mfumo unarudia.

Ndege mwenyewe ni vipande 6. Mbavu 2 zinazotazamana, kipande cha tumbo chembamba kama jani la mwembe, mabawa 2, na mkia. Kazi yote iko kwenye tumbo. Ukilikata pana, ndege anakuwa bata. Ukilikata jembamba, anakuwa samaki. Unaanza kushona kidevuni kwenda mkiani, upande mmoja kwanza, halafu unarudi kidevuni kwa upande wa pili, unaacha uwazi wa vidole 2 wa kujazia.

Na hapa mama ndipo alipochukua uongozi. Mimi Batley najaza pamba ya plastiki ya dukani. Mama akaleta mto wa sufi uliokuwa umechanika foronya, akaupasua. Watoto wangu waliozaliwa huko hawajui tofauti, na niliwaeleza kwa simu: sufu ni manyoya ya kondoo, sufi ni ile nyeupe inayotoka kwenye tunda la msufi. Herufi moja tu. Sufi inapaa, inaingia puani, usijaze penye upepo. Unaisukuma kidogo kidogo kwa kijiti cha mshikaki, kichwa kwanza, shingo, kifua, na unakaza kuliko unavyodhani kwa sababu sufi hulala. Kabla ya kuziba, mama akatia tumboni punje kama 10 za karafuu, vile anavyotia kwenye kasha la kanga zake, nondo wasije. Miaka 9 nilikuwa nalalamikia nondo wanaonitoboa ndege zangu Batley, dawa iko kwenye majamvi mbele ya nyumba yetu.

Tumemshona ninga kwa sababu ni wetu. Njiwa yule wa kijani wa Pemba hana kwao pengine duniani, na anayekwenda msitu wa Ngezi akatulia chini ya miti yenye matunda atamwona. Yule mtalii anayetoa dola 15 hakuambiwa hilo na mwenye duka. Hakuambiwa kitu.

Lakini hasira yangu, nikisema kweli, si ya ndege. Ni ya kofia. Mama yangu anashona kofia za mkono tangu sijazaliwa, vile vitobo vidogo vidogo, kila kimoja kinazungushiwa uzi mpaka kisimame. Kofia aliyoianza mwaka jana Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, ilikwisha Mfunguo Tatu. Akapewa elfu 45. Macho yake sasa yanataka miwani ya bei ghali kuliko hiyo kofia. Kisiwa hiki hiki, mchumaji karafuu ana pishi yake ya kuhesabiwa, na karafuu zikifika kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, kuna mizani na bei iliyotangazwa. Mkono wa mama hauna pishi wala mizani. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Ndiyo riziki, mwanangu, usigombane na watu." Nampenda mama, lakini kwa hili sikubaliani naye, na nimemwambia kwa adabu.

Na wewe unayepanga kuondoka, kabla hujauza shamba la baba uliza kwanza kama cheti chako kinatambuliwa unakokwenda, na usimlipe wakala kwa ahadi ya mdomo. Halafu jifunze kazi ya mkono kwa mama au bibi yako angali hai. Nilikulia pembeni ya fundi wa kofia na sikujua kutunga uzi mpaka nilipofundishwa na bibi wa Yorkshire. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ndege 14 waliobaki sikuwapeleka duka lolote. Nimenunua daftari la skuli la kurasa 40. Kila ndege ana mstari wake, na mama hana habari ya saa za ukutani, yeye anahesabu kwa sala. Kwa hivyo naandika vile vile anavyosema, na kila ndege anatundikwa kikaratasi: ninga wa Pemba, sufu nje, sufi ndani, ameshonwa Wete kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Bei iko chini yake, elfu 20. Wawili wameshachukuliwa na watu wa hapa hapa, hakuna aliyelalamika.

Jana mama akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu, kama na kofia inaandikwa. Nikamwambia inaandikwa, mama. Ameanza mpya. Mpaka usiku huu nimejaza ukurasa mmoja na nusu, adhuhuri hadi alasiri, baada ya isha, baada ya alfajiri, na duara la juu bado hajaligusa.