Siku moja mpakani Busia: lori la sabuni na sanduku la nyanya yangu

Mimi ni karani wa klaringi, yaani natoa mizigo ya watu forodhani, hapa Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Uganda. Nikilitaja jina la kazi hii, wengi husikia udalali, au mtu wa kukaa mpakani akingoja chochote kitu. Naandika siku yangu ya Alhamisi iliyopita kama ilivyokwenda, ili anayetaka kujua ajue.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri
Simu. Dereva amefika kutoka Nairobi na lori la sabuni za mche. "Niko kwa foleni, madam." Nikamwambia alale kidogo, nitamwita.

Saa moja
Chai na chapati, kisha boda mpaka ofisini. Neno boda boda lenyewe limezaliwa hapa kwetu, miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba watu kati ya vituo viwili vya mpaka na kuita "boda, boda!" Nyanya yangu aliwapanda sana, na alikuwa akisema walijua kunyamaza.

Saa mbili
Bosi alikuwa amefika kabla yangu. Stoo ya nyuma itoke leo, mwenye nyumba anaitaka. Ndani kuna mafaili ya tangu 2011, yamepangwa mpaka darini, mengine panya wameyatafuna pembe. Mezani nina entri saba, yaani hati za kupitisha mizigo forodhani, zinangoja. Nilivua viatu, nikafunga leso kichwani, nikaanza na yote mawili.

Kutupa karatasi za forodha si kama kutupa magazeti. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka nyaraka zitunzwe miaka mitano, na mkaguzi anaweza kuja wakati wowote kuuliza mzigo ambao mwenyewe ameshausahau. Kwa hiyo unafungua kila faili, unasoma tarehe ya entri, unaamua. Iliyopita miaka mitano huku, isiyopita kule, na ile yenye kesi haiguswi hata ikiwa ya zamani. Mpaka saa nne nilikuwa nimemaliza rafu mbili na entri tano. Vigae, plastiki, vipuri, zote zilipita.

Saa nne, na kuendelea
Lori la sabuni halikupita.

Bidhaa iliyotengenezwa Kenya ikija Uganda na cheti cha uasili, karatasi inayothibitisha ilikotengenezwa, hailipi ushuru wa forodha. Inabaki VAT ya asilimia 18 na kodi nyingine ndogo ndogo. Bila cheti inahesabiwa kama iliyotoka nje ya Jumuiya, na huko ngazi ni nne: 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Cheti chetu kilikuwepo, kimepigwa muhuri, kizuri kabisa. Ila namba ya ankara inaishia na 614, na kwenye cheti imeandikwa 641. Karani mmoja huko kiwandani alipindua tarakimu mbili. Afisa akanirudishia karatasi. Sikumlaumu, ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Nikampigia mwenye mzigo Kampala.

"Wewe dada, sema tu mnataka pesa ngapi."

"Mzee, sitaki pesa. Nataka tarakimu mbili zirudi mahali pake."

"Watu wa Busia nawajua. Wezi wote."

Akakata. Baada ya dakika kumi akapiga tena. Na tena. Alipiga mara kumi na nne, nimezihesabu kwenye simu jioni. Kila mara nilimweleza kilekile: cheti kinarekebishwa na waliokitoa, kiwanda lazima kiombe upya, mimi sina kalamu ya kugusa hapo, na nikigusa ni kosa la jinai. Kila mara aliniuliza ni pesa ngapi. Hilo ndilo linalonichosha kuliko foleni na jua. Nimesimama upande wake, nakimbia ofisi hadi ofisi kwa ajili yake, na masikioni mwake mimi ndiye kizuizi.

Kiwandani nako simu inaita haipokewi. Wamekwenda kula. Wamerudi, mhusika hayupo. Yupo, anatafuta nakala. Katikati ya simu hizo nilikuwa narudi stoo, nafungua faili, nasoma tarehe, natupa. Vumbi lilinikaba. Chakula cha mchana sikukumbuka.

Dereva ni mzee wa Kikenya, mvi kichwani. Alikaa kwenye ngazi ya lori, hakulalamika hata mara moja. "Binti yangu, hii kazi ni ya kungoja," akaniambia, akanipa nusu ya chupa yake ya maji.

Saa ngapi ile, labda saa nane, afisa alitaka kuhakikisha mzigo wakati tunangoja. Tanboi, msaidizi wa dereva, akafungua turubai, akashusha maboksi mawili, akayakata. Harufu ya sabuni ya buluu ikatoka yote kwa pamoja, na mimi nikashindwa kuandika. Nyanya alitutoka miezi mitatu iliyopita, na hiyo ndiyo harufu yake.

Miaka ya sabini, baada ya Amin kuwafukuza Wahindi mwaka 1972, viwanda vilidorora na sabuni, chumvi na sukari vikapotea madukani. Nyanya alikuwa na watoto watano. Alivuka kwa njia za panya, kando ya mto Sio, na kahawa kidogo ya shambani, akarudi na sabuni amejifunga kiunoni chini ya gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda. Magendo. Mwaka 1975 serikali iliunda mahakama maalum ya makosa ya kiuchumi, na adhabu yake ilifika hadi kifo. Alituambia mara moja tu kwamba usiku wa kuvuka alikuwa haagi watoto, ili wasione uso wake.

Leo kituo ni kimoja. Tangu Februari 2018, marais Kenyatta na Museveni walipokizindua rasmi, maafisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja na lori linasimama mara moja. Mama mwenye kikapu, bidhaa zake za Afrika Mashariki zisipozidi thamani ya dola 2,000, anapewa cheti rahisi hapo hapo mpakani na anapita barabarani mchana kweupe. Nikiwaona akina mama hao naacha ninachofanya, nawajazia fomu. Bosi anajua, hasemi kitu.

Cheti kilichorekebishwa kiliingia saa kumi na moja na robo. Kumi na mbili kasoro dakika chache lori likatoka getini. Mwenye mzigo hakupiga tena. Entri za mwisho nilizimaliza kwa taa ya simu maana umeme ulikatika, na stoo ilibaki na rafu moja ya kesho.

Usiku
Nyumbani kulikuwa na kazi nyingine ya aina ileile. Jumamosi ukoo unakutana, na mama aliniomba nilipange sanduku la bati la nyanya, kwa kuwa mimi ndiye nimezoea karatasi. Limekaa chini ya kitanda changu wiki mbili. Nilioga, nikakaa sakafuni, nikalifungua.

Gomesi mbili. Kadi za kliniki za watoto, mmoja wao alishakufa. Bunda la noti zilizokufa mwaka 1987, serikali ilipokata sifuri mbili, hakuwahi kuzibadilisha. Risiti za ada, nyingi za mama, nyingine zangu. Ofisini ningezitupa kwa kuangalia mwaka. Hapa sikutupa hata moja.

Chini kabisa kulikuwa na mkaja wa kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya chai. Umeshonwa vifuko sita kwa mkono, kila kimoja kinaenea nusu mche. Kifuko cha nne kilipasuka zamani, kimeshonwa upya kwa uzi mwekundu, mishono midogo, imebana. Nikaunusa. Harufu ya sabuni imekwisha, ni kutu tu na nguo iliyokaa.

Nilikuwa bado nimeushika simu ilipolia, saa nne kasoro. Yule mzee dereva.

"Nimevuka daraja la Jinja, binti yangu. Sabuni iko salama. Ulale sasa."