Ndoo za tope kwenye baridi ya Njombe: kumbukumbu ya Juni

Baridi imeshika, na ndoo zangu mbili za tope, zinazotoa umeme kwa kazi ya bakteria, zinaihisi. Ndoo A, niliyoianzishia jikoni karibu na jiko la mkaa kisha nikaihamishia barazani, jana mchana ilisoma milivolti 310 kwenye rizista (kipande kinachokinza umeme) ya omu 1,000, tope likiwa na nyuzi 23. Leo alfajiri, nyuzi 12, inasoma 180. Ukiangalia volti tu utadhani hasara ni ndogo, lakini nguvu huenda kwa volti mara volti: mikrowati 96 zimebaki 32.

Kwa wageni: chini ya ndoo kuna tope la mtaroni na maji yaliyooshea vyombo, na ndani yake vijiti vya kaboni vya betri kuukuu za tochi. Bakteria kama Geobacter hula uchafu na kuiachia kaboni elektroni, nazo hupita kwenye waya hadi kwenye kaboni ya juu inayogusa hewa.

Ndoo B ndiyo inayoninyima usingizi. Tope lilelile, siku ileile, ila yenyewe ilianzia barazani moja kwa moja. Mpaka leo haijavuka milivolti 40. Nimechomoa kijiti kimoja kila ndoo: cha A kina ute mwembamba wenye wekundu wa kutu, ukigusa unateleza, cha B kimetoka cheusi kama kilivyoingia. Bakteria hawa hustawi kwenye nyuzi 30 hivi. Wakishajenga utando wao, yaani ule ute, penye joto, baridi huwapunguza kasi tu, wanabaki. Kuujenga utando kwenye baridi ndiyo shughuli pevu.

Baridi ina mema yake pia. Vijidudu vya methani, wanaogombea chakula hichohicho, nao hulegea (wenye mitambo ya biogesi huku nyanda za juu wanalijua hilo), na maji baridi hubeba oksijeni nyingi zaidi kwa ajili ya kaboni ya juu. Ila chumvi ndani ya maji hupitisha umeme kwa shida, pungufu ya kama asilimia 2 kwa kila nyuzi inayoshuka.

Na kule Kisoro, Uganda, nako kwenye baridi ya milimani, watafiti wa Bristol, Uingereza, waliweka mwaka 2017 choo cha shule kinachowasha taa kwa mkojo, kwa njia hiihii ya bakteria. Kwa hiyo sikati tamaa.

Kesho B inahamia jikoni hadi iamke. A naifungia kwenye boksi la maranda. Seremala jirani kanipa gunia zima bure. Vipimo ni alfajiri na saa nane mchana, kipimajoto kikiwa ndani ya tope, si hewani.