Panadol haiwezi kutibu hii

Jumanne iliyopita binti mmoja wa senia ya pili (kidato cha pili) shuleni kwetu, Busia ya Uganda, aliletwa kwangu, mara ya tatu ndani ya wiki mbili, kichwa kinamuuma, usingizi hapati, chakula hakipandi. Mara mbili za kwanza alipimwa malaria, hana, akapewa Panadol akarudi darasani. Mara hii nikasema ngoja niongee naye mwenyewe.

Sasa tuongelee wapi? Ofisi ya walimu imejaa watu wanasahihisha, stoo imejaa unga wa posho, basi tukaenda kukaa chini ya mwembe nyuma ya jiko. Nikamuuliza, mwanangu, nyumbani kukoje? Akawa anachimba udongo na ncha ya kiatu, kimya, alafu akaanza, "Madamu, tangu mama aende..." na hapo hapo vijana wa senia ya nne wakapita na majerikani ya maji, mmoja akapiga mluzi, mtoto akafunga mdomo. Mpaka kengele inalia hakusema kitu kingine, ni niko sawa madamu, niko sawa tu.

Tangu mama aende wapi? Amefariki, ama ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani kama akina mama wengi wa hapa Busia, ama amevuka tu mpaka kutafuta maisha? Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Mimi ndo senia wumani, mwalimu mlezi wa wasichana, na wavulana wana mwalimu wao, kwa hivyo kwa karatasi ushauri upo kwenye shule zetu za serikali. Lakini nafundisha bayolojia vipindi 24 kwa wiki, na tangu elimu ya sekondari bila karo ianze 2007 madarasa yanafurika, nina darasa la watoto zaidi ya mia. Semina niliyopelekwa ilikuwa ya siku mbili, tukafundishwa mambo ya hedhi na mimba za utotoni, ni muhimu kabisa sikatai, ila hakuna aliyenionyesha nitajuaje huyu ana huzuni ya kawaida itapita na huyu ni mgonjwa anahitaji hospitali.

Na watoto hawa wamepitia mengi jamani. Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili, wengine wamezika watu, wengine wameshazaa, na siku ya kufungua sisi tulianza na silabasi moja kwa moja, hakuna aliyewauliza mmeishije.

Ukimwambia mzazi mtoto wako aone mtu wa afya ya akili, yeye anasikia Butabika tu, ile hospitali kubwa ya magonjwa ya akili, ati unamwita mwanangu kichaa, na kesho yake amempeleka kuombewa mapepo. Kuna ile namba 116 ya kusaidia watoto wenye shida, simu ni bure, naipenda sana, lakini shuleni simu ni marufuku, sasa mtoto wa bweni ataipiga na nini?

Ninachoomba si majengo makubwa. Mwalimu mlezi apunguziwe vipindi, hata nusu, maana mtoto haanzi kulia kwa ratiba. Apate mafunzo ya kweli. Nesi wa magonjwa ya akili aje shuleni hata mara moja kwa mwezi, watoto wamzoee kama walivyozoea wale wa chanjo. Na chumba. Chumba chenye mlango!

Nimemsumbua hedimasta mpaka amenipa kale kachumba ka nyuma ya maabara walikokuwa wanatupa viti vibovu. Jumamosi nimefagia, nimetundika pazia, kitasa nimenunua mwenyewe pale sokoni. Binti nimemwambia aje Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Madamu, mlango unafunga?"