Mtungi wa mwaka 1985: niupime au niutoboe?

Mtungi ninaouzungumzia ni wa hewa ya kuzamia, wa alumini, ule wa lita 11 ambao kila mzamiaji wa pwani hii anaujua, na nilirithishwa na jirani yetu wa Raskazone alipohama Tanga na kuniachia vyombo vyake vya baharini. Begani umegongwa mihuri: DOT 3AL, yaani alama ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani kwa mitungi ya alumini, shinikizo la kazi la paundi 3,000 kwa inchi ya mraba, ambalo ni sawa na baa 207, namba yake, kisha mwezi na mwaka wa kipimo cha kwanza, yaani Septemba 1985. Baada ya hapo upo mhuri mmoja tu wa kipimo kingine, wa miaka ya tisini. Kwa kanuni za Marekani, ulikotengenezwa, mtungi wa namna hii hupimwa upya kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5, kwa hiyo huu umepitisha vipimo kadhaa bila mtu kuuthibitisha. Ilinibidi niamue kama niupeleke Dar es Salaam ukapimwe na kugongwa mhuri mpya, au niachane nao.

Matumizi yangu si makubwa. Huzamia kwenye matumbawe ya karibu, upande wa visiwa vya Yambe na Karange, ambako kina cha mita 10 hadi 20 kinatosha kumshibisha mtu macho. (Silikanti, samaki ambaye hifadhi yetu ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 imepewa jina lake, kwa kawaida huishi chini zaidi ya mita 100, na hewa ya kawaida ya mtungi haimfikishi mtu huko, nalisema hili kwa sababu wageni hawachoki kuuliza.) Mtungi huu ukijaa hubeba takriban lita 2,300 za hewa. Kwenye kina cha mita 20 hewa hutumika mara tatu ya inavyotumika juu, hivyo mtu mtulivu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia 60 akiwa chini, na ukitoa akiba ya kurudia, hapo ni kama nusu saa. Kwangu hiyo inatosha, na mtungi wa ziada ungenifaa sana.

Bei ya kipimo chenyewe haitishi. Kinachoumiza ni kilomita 350 hivi za kwenda Dar na nyingine za kurudi, valvu inayodai ringi mpya, na kondakta anayeutazama mtungi kama bomu hata ukimwonyesha tundu tupu la shingoni. Hata hivyo, ukijumlisha yote bado ni nafuu kuliko kuagiza mtungi mpya kutoka nje, na mtu akiishia kwenye hesabu hiyo ataupakia kwenye basi la kesho asubuhi.

Mimi niliamua kuukagua kwanza. Niliifungua valvu hadi sauti ya hewa ikakoma kabisa, nikauvua ule mpira wa chini unaoufanya usimame, nikamwaga mchanga uliokuwa umeganda na chumvi. Mpira huo huyashikilia maji ya bahari yagusane na alumini miaka nenda rudi, na mitungi mingi ya pwani huanza kuliwa hapo. Valvu nayo ni ya shaba iliyopakwa kromu, na shaba ikikutana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ilikubali kuzunguka baada ya kulowekwa na kubembelezwa kwa spana, na thredi za juu zilikuwa na unga mweupe. Nikashusha taa ndogo ndani. Kuta zilikuwa za kijivu, safi, bila vishimo, na kitakoni palikuwa na madoa mawili matatu tu ya maji ya zamani. Kwa kuutazama, ungesema mtungi huu ni mzima, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

Kipimo cha shinikizo la maji hufanyika hivi: mtungi hujazwa maji, huwekwa ndani ya pipa lililofungwa ambalo nalo limejaa maji, kisha shinikizo hupandishwa hadi kupita lile la kazi kwa theluthi mbili yake, yaani kwa huu wa kwangu baa 345 hivi. Mtungi hutanuka, maji ya pipani husukumwa, na fundi husoma umetanuka kiasi gani. Shinikizo likishushwa, mtungi unatakiwa urudi karibu na ulivyokuwa. Mtanuko usiorudi ukizidi asilimia 10 ya mtanuko wote, mtungi umekataliwa. Hutumiwa maji badala ya hewa kwa kuwa maji hayabanwi kirahisi, hivyo mtungi ukipasuka hautoi nguvu nyingi. Ni kipimo kizuri sana cha uimara wa kuta. Shingo ni habari nyingine: ufa mdogo kwenye thredi hautanui mtungi, na mtungi wenye ufa huo unaweza kupita kipimo cha maji na kutoka na mhuri mpya unaong'aa.

Kwa mtungi wa 1985, huo ufa wa shingoni ndio wa kuogopwa. Mitungi mingi ya alumini ya zamani ilitengenezwa kwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iitwayo 6351, ambayo baadaye iligundulika kuwa inaweza kupata nyufa shingoni na begani kwa sababu tu ya kukaa na shinikizo muda mrefu. Nyufa hizo hukua polepole, kwa miaka, hata kama mtungi umewekwa stoo hauguswi, ili mradi umejaa. Nchini Marekani kampuni ya Luxfer ilihamia aloi ya 6061 kufikia katikati ya mwaka 1988, ilhali kiwanda chake cha Uingereza kiliendelea na ile ya kwanza kwa miaka kadhaa zaidi. Catalina, mtengenezaji mwingine wa mitungi, haikuwahi kuitumia 6351. Aloi yenyewe haiandikwi begani, hivyo mtu huijua kwa kusoma jina la mtengenezaji, nchi na tarehe, na kwa vigezo hivyo wa kwangu ni wa 6351. Mitungi ya aina hiyo kipimo cha maji pekee hakiitoshi. Inahitaji pia kifaa cha umeme kinachozungushwa ndani ya thredi ili kubaini ufa ambao jicho halijauona, na fundi niliyempigia simu alinijibu kwa uungwana kuwa hicho hana.

Nilimwendea pia kijana anayetujazia mitungi kwenye kompresa. Aliinama, akaupitisha ukucha juu ya tarehe, akasema: "Mjomba, ukirudi na mhuri mpya nitaujaza, kwa sababu bosi atasema una cheti. Lakini ukijaa, anayekuwa ameushika ni mimi. Wewe utakuwa pale kivulini unasubiri."

Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani lipo. Mitungi ya aloi hiyo iliyopasuka imepasuka zaidi wakati wa kujazwa, kwa hiyo mimi ningebana matumizi, na hatari ingembeba mtu mwingine asiyepata faida yoyote. Wapo watakaosema kwamba mitungi mingi ya 6351 haijapata ufa hata siku moja, na hilo ni kweli. Mwenye kifaa cha kukagua shingo kila mara anaweza kuendelea nayo kihalali. Sisi wa Tanga hatuna kifaa hicho karibu, na mimi siwezi kuugeuza uhaba huo kuwa ruhusa.

Ungekuwa wa aloi ya 6061, na ndani ukaonekana kama huu, ningelipa bila kusita. Ningeuliza tu kama uliwahi kupakwa rangi ya kuokwa au kukaa kwenye moto, maana alumini iliyopita nyuzi joto 176 hivi hupoteza uimara wake na mtungi huo hauna budi kukataliwa, hata ukiwa umepambwa vipi. Mtungi wa chuma nao ningeupa nafasi, mradi ndani usiwe na kutu iliyochimba, kwa kuwa kutu haili chuma tu, hula pia oksijeni ya hewa unayoihifadhi.

Huu wa kwangu nimeugonga alama za X juu ya maneno DOT 3AL na juu ya namba ya shinikizo, kisha fundi wa kuchomelea akautoboa ubavuni kabla sijampa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu mtungi mzima ukifika kwake unaweza kununuliwa na mtu wa kuujaza. Valvu nimeibakiza. Thredi zake ni za Kimarekani, za robo tatu ya inchi, wakati mitungi ya Ulaya hutumia za milimita 25. Valvu ya aina moja inaweza kushika kidogo kwenye shingo ya aina nyingine, ikaonekana imekaza, kisha ikaruka shinikizo linapopanda. Nimeifunga lebo yenye maelezo hayo kwa wino usiofutika, na haitauzwa wala kuazimwa bila lebo hiyo.