Ananunua kwa Macho

Jumanne bibi anayeuza ming'oko, vile viazi pori vyetu vya kusini, kanisema. Leo Jumamosi, bado naitafuna kauli yake.

Mnajua tangu mfungo naenda kazini kwa miguu. Niliwaambia ni kwa ajili ya presha. Presha ipo, sikatai, lakini na nauli ya bajaji nayo ipo. Basi natoka kwetu Chikongola, hapa Mtwara mjini, jua halijakali, napita Reli, mtaa ambao reli yenyewe iling'olewa miaka ya 60 kabla hata mama hajazaliwa, limebaki jina tu. Kisha nashika njia ya bandarini nikiyapisha malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma. Waingereza waliupima mji huu wakati wa mradi wao wa karanga, wakidhani utajaa watu. Watu hawakuja, barabara pana zikabaki, na anayezilipia ni kisigino changu.

Bibi anakaa chini ya mkungu, karibu na kona. Sinia moja, mafungu sita au saba, na juu ya kila fungu kalaza mng'oko mmoja mnono kuliko wenzake ili ukuite.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Fungu bei gani leo?"

"Mia tano. Kama jana. Kama juzi."

Nikacheka, nikaanza kuondoka. Ndipo nikamsikia anamwambia mwenzake wa maandazi, wala si kwa kunong'ona: "Huyu ananunua kwa macho."

Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka, eti ili nionekane sijali.

Kwa macho! Nimeirudia kwa sauti yake, kwa sauti yangu, nikioga, nikijaza fomu za forodha. Nimeshatunga majibu kama kumi, yote yamekuja nikiwa nimeshafika ofisini. Je, alinisuta au alinitania? Angekuwa ananisuta asingeniita mjukuu. Lakini bibi zetu wa huku wanaweza kukuita mjukuu na kukuchoma kwa pumzi hiyo hiyo. Na kinachouma zaidi, hakukosea. Miezi mitatu nauliza bei na sijawahi kufungua pochi. Mimi nilidhani ninamsalimia.

Wiki hii mwenzetu Sauda kajifungua salama, mtoto wa kiume, na bosi katuongezea mkataba mwaka mmoja, alhamdulillahi. Hata nilipopewa mtoto nimshike, nikamwona anavyoniangalia bila kupepesa, nikajisemea: na huyu naye ananunua kwa macho.

Jana nikaamua. Nikafika, nikatoa buku, nikasema, "Bibi, nifungie mawili."

Akaitazama noti, akanitazama mimi. "Leo hukuuliza bei. Unaumwa?"

Wallahi nilicheka mpaka dereva wa lori akapunguza mwendo kuangalia kuna nini. Akanifungia kwenye karatasi ya daftari la mtoto, hesabu za kugawanya, kapata 3 kwa 10 kwa wino mwekundu, na chumvi kaikunja pembeni kwenye kipande chake. Akaniongezea mmoja, mwembamba, kutoka kwenye sinia. "Huo wa kuuliza," akasema.

Nimekula ofisini, namenya ganda kwa kucha, unga unga wake unabaki kwenye vidole na kwenye fomu ya mteja. Mtamu. Ila sasa Jumatatu nifanyeje? Nikiuliza bei, nimerudi kulekule. Nisipouliza, ataona nimenuna. Na mia tano kila siku ni bora nipande bajaji.

Halafu usiku mama kapiga kutoka shamba. Mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu, lakini upande wa mjomba ugonjwa wa ubwiri unga umeshaingia, na mwenye mashine ya kupulizia salfa anataka hela yake mkononi kwanza. Nimemwambia nitatuma Jumatano. Sijui nitaitoa wapi.